Sura ya Tano: Jela ya Mashuka Meupe

Majenerali watano wanakamatwa wakiwa wamejifunga taulo. Ni Tunis, mwaka 1943. Wameingia hamamu kutoa uchovu wa vita, na adui anawakuta humo humo ndani ya mvuke: Wamarekani wawili, Waingereza wawili na Mfaransa mmoja. Hawana bunduki, hawana nishani, hata viatu hawana. Anayeijua Hamamni ya Unguja anajua hamamu ni mahali gani: nguo zikishabaki mlangoni, bwana na mchukuzi wote huwa ngozi na maji tu. Lakini watano hawa wanatoka na vyeo vyao vyote, maana wamevibeba kichwani, na vyeo hivyo vinakuja kuwafunga kuliko kufuli lolote la Waitaliano.

Hicho ndicho chanzo cha kisa katika The Secret War of Harry Frigg, yaani vita vya siri vya Harry Frigg, filamu iliyotolewa na Universal mwanzoni mwa 1968 chini ya mwongozaji Jack Smight. Mateka wanapelekwa Italia, kwenye jumba la kifahari la Kontesa Francesca, na humo wanalala kwenye mashuka meupe, wanakula mezani na kunywa mvinyo. Tatizo lao ni moja. Wote ni brigedia jenerali. Hakuna aliye juu ya mwenzake, kwa hiyo hakuna wa kutoa amri wala wa kuipokea. Kila mmoja ana mpango wake wa kutoroka, na kila mpango unafia mezani.

Makao makuu ya jeshi yanatafuta mtu wa kwenda kuwatoa. Bingwa wa kutoroka yupo, lakini ni praiveti, askari wa cheo cha chini kabisa, na umahiri wake ameupata kwa kutoroka mahabusu za jeshi lake mwenyewe. Huyo ndiye Harry Frigg. Sasa praiveti atawaamrishaje majenerali? Jibu la jeshi ni kumvisha nyota mbili na kumwita meja jenerali. Ukilifuata wazo hilo hatua kwa hatua huoni pa kusema hapa wamekosea, na ukifika mwisho unajikuta umecheka. Katika vichekesho vya vita vya miaka ya sitini nilivyovitazama, sijaona kilichoanzia kwenye wazo safi namna hii.

Frigg amechezwa na Paul Newman, na hapa inafaa kutua kidogo. Miezi michache kabla, mwishoni mwa 1967, watu walikuwa wamemwona Newman huyo huyo katika Cool Hand Luke, akiwa mfungwa wa kazi ngumu kusini mwa Marekani. Luke anatoroka, anakamatwa, anatoroka tena, na kila mara anarudishwa akiwa amevunjwa zaidi. Kisha Newman anarudi na Frigg, mtorokaji mwingine, mwepesi wa mwili, mwenye tabasamu la mtu anayejua dirisha la jikoni liko wapi. Wapenzi wa sinema humkumbuka Luke na kumsahau Frigg. Mimi huwatazama wawili hawa kama ndugu wa tumbo moja: mmoja hatulii mahali popote anapofungiwa, na mwingine anafika kwenye jela ambayo kwa mara ya kwanza hataki kuitoka.

Newman mwenyewe alipitia vita ile. Alijiunga na jeshi la majini la Marekani akitaka urubani, akakataliwa kwa sababu macho yake hayakutofautisha rangi sawasawa, akaishia kuwa fundi wa redio na mpiga bunduki ndani ya ndege za Pasifiki. Hakuwa afisa. Aliwapigia saluti wengine. Mtazame Frigg siku za mwanzo akiwa na nyota begani: watu wanasimama wima akipita, naye anatupa jicho nyuma kuona ni nani mkubwa aliyeingia.

Na mmoja wa waandishi wawili, Frank Tarloff, alijua vizuri zaidi maana ya kuishi chini ya jina lisilo lako. Katika miaka ya 1950, wakati wa msako wa wakomunisti Hollywood, alifungiwa kazi, na kwa miaka kadhaa akawa anaandikia televisheni kwa jina la kubuni. Mwenzake, Peter Stone, ndiye aliyeandika Charade. Wawili hao walikuwa wameshinda tuzo ya Oscar pamoja na mwandishi wa tatu kwa Father Goose ya 1964, nayo kichekesho cha wakati wa vita. Mtu aliyeuza kazi yake kwa jina bandia ndiye aliyetuandikia praiveti mwenye nyota bandia anayeanza kuheshimiwa kwa dhati. Silioni kuwa jambo dogo.

Mtazamaji wa leo anaweza kuuliza kama jela ya namna ile iliwahi kuwapo. Iliwahi. Mkataba wa Geneva wa 1929 ulitaka mateka watunzwe kwa kuzingatia cheo. Askari wa kawaida wangeweza kufanyishwa kazi, maafisa hawakulazimishwa, na kila afisa alistahili heshima ya nyota zake hata mikononi mwa adui. Waitaliano waliuchukulia mkataba huo kwa uzito, wakawatafutia majenerali wa Uingereza na washirika wake ngome ya mawe katika vilima vya Fiesole, juu ya mji wa Florence: Castello di Vincigliata, kambi namba 12. Ngome hiyo ilikuwa gofu la zama za kati hadi karne ya 19, pale Mwingereza mmoja tajiri, John Temple Leader, alipoijenga upya kwa fedha zake. Hivyo majenerali wa Kiingereza walifungwa ndani ya kuta zilizoinuliwa na Mwingereza mwenzao.

Waliokusanywa humo wangetosha kujaza filamu kumi. Richard O'Connor, ambaye jeshi lake dogo lilikuwa limeteka zaidi ya Waitaliano 100,000 katika jangwa la Libya kabla ya yeye mwenyewe kunaswa na doria ya Wajerumani usiku mmoja wa Aprili 1941. Philip Neame, mwenye nishani ya Victoria Cross na dhahabu ya Olimpiki ya 1924 kwa kulenga shabaha, ambaye kifungoni alipitisha muda kwa kutarizi. James Hargest, mkulima na mbunge kutoka New Zealand, na mwenzake wa nchi hiyo hiyo, Reginald Miles. Owen Boyd wa jeshi la anga. Na Adrian Carton de Wiart, mzee wa miaka 62, mwenye jicho moja na mkono mmoja. Jicho lilibaki Somalia, katika vita dhidi ya Madervishi wa Sayyid Mohammed Abdullah Hassan mwaka 1914. Mkono ulibaki Ubelgiji mwaka uliofuata.

Wazee hawa walilima bustani na kufuga kuku, na mlinzi yeyote angeapa kwamba wameshakubali yaishe. Kumbe ndani ya ngome palikuwa na kanisa dogo lililozibwa mlango kwa matofali. Walipenya ndani yake kwa siri, na kuanzia Septemba 1942 wakachimba handaki lililopita chini ya ukuta. Neame, mhandisi wa jeshi, ndiye aliyepima na kuchora. Wengine walichimba, wengine walilinda. Udongo ulibaki ndani ya kanisa, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyelifungua. Ilichukua miezi saba. Usiku wa mvua wa tarehe 29 Machi 1943, sita walitambaa hadi nje, wakiacha vitandani sanamu zilizofunikwa shuka.

Kilichofuata hakuna mwandishi wa filamu angethubutu kukibuni. Carton de Wiart na O'Connor walishika njia ya milimani kwa miguu wakijifanya wanakijiji. Carton de Wiart hakujua Kiitaliano, alikuwa mrefu, na jicho na mkono vilimtangaza kwa kila aliyemwona. Walidumu siku nane. Boyd na mwenzao mwingine, John Combe, walikamatwa pia, Boyd akiwa karibu kabisa na mpaka. Lakini Hargest na Miles walipanda treni, wakapita Milano hadi Como, wakaukata waya wa mpaka na kuingia Uswisi, watu wenye umri wa miaka hamsini na ushee. Miles alifia Hispania mwaka huo huo kabla ya kufika nyumbani. Hargest alifika Uingereza, akaandika kitabu, Farewell Campo 12, na akauawa Normandy Agosti 1944.

Nimezieleza habari hizi kwa urefu kwa sababu zinaonyesha filamu imegeuza nini. Majenerali wa kweli walikubaliana. Tena jeshi la Uingereza lilikuwa limekiacha cheo cha brigedia jenerali tangu miaka ya 1920, na Hargest na Miles waliitwa mabrigedia tu, kwa hiyo Waingereza wawili wa kwenye filamu wanabeba cheo ambacho jeshi lao halikuwa nacho. Stone na Tarloff walihitaji watu watano wa cheo kimoja ili mzaha usimame, wakaupata kwa kuipinda historia. Nawasamehe. Wamepinda kijiti kidogo ili mti mzima uonekane, maana kila aliyefanya kazi ofisini anakijua kikao cha wakubwa watano wasio na mkubwa.

Swali zito zaidi ni kama ilifaa kucheka. Miaka mitano kabla, The Great Escape ilikuwa imeonyesha kambi nyingine, ya Wajerumani. Huko watu 76 walitoka kwa handaki Machi 1944, 73 wakakamatwa, 50 wakapigwa risasi kwa amri ya Hitler. Baada ya kuyajua hayo, utawezaje kutengeneza kichekesho cha kutoroka? Wamarekani walijaribu hata kwenye televisheni: Hogan's Heroes, iliyoanza 1965, iliiweka kambi ya Wajerumani katikati ya mzaha kwa misimu sita, na Robert Clary, aliyecheza mateka Mfaransa, alikuwa Myahudi aliyenusurika Buchenwald. Alijua anachokichekea. Stone na Tarloff walichagua njia nyingine. Waliipeleka hadithi Italia, kwa maadui waliokuwa wamechoka, na wakampa mkuu wa kambi moyo wa mwenye nyumba.

Huyo mkuu wa kambi, Kanali Ferrucci, kwangu ndiye mhusika aliyechorwa vizuri kuliko wote. Vito Scotti anamcheza kama mtu aliyezaliwa kupokea wageni. Kabla ya vita alikuwa mtu wa hoteli, na mateka wake anawatunza kama wageni waliolipia. Moyoni ana ndoto moja, kuwa jenerali, na kupandishwa kwake kumekaribia. Wageni wakitoroka leo, kesho atafikishwa mahakama ya kijeshi. Na Frigg, aliyetumwa kuwatoa watu wale, anaanza kumpenda mwenyeji wao.

Kisha kuna mlango. Chumbani kwa Frigg kuna njia ya siri, nayo inaelekea nyumba ya langoni alikohamia kontesa baada ya jumba lake kuchukuliwa. Hapo filamu inafika mahali nilipoanza kuipenda kwa dhati. Mtorokaji bingwa amepata njia ya kutoka jela yake bila kuchimba, bila kukata waya. Anaitumia kila usiku kwenda kumwona mwanamke, na kila alfajiri anarudi kitandani. Ana amri mfukoni, ana njia, na ana watu watano wanaomsubiri aseme neno, naye anasema bado. Kwa nini aondoke? Huko nje yeye ni praiveti wa kusafisha vyoo. Humu ndani majenerali wanainuka akiingia, kontesa anamsikiliza, na mkuu wa kambi anamwomba ushauri. Sylva Koscina anamcheza kontesa kwa utulivu wa mtu anayeona nyota ni za kuazima na hajali.

Kwa hiyo kutoroka kunaahirishwa. Kwanza kwa ajili ya mapenzi, kisha kwa ajili ya cheo cha Ferrucci, ili mtu mwema asiharibiwe siku yake. Wakati wao bado wanaahirisha, Italia inajitoa vitani na Wajerumani wanaingia. Jela laini inageuka jela ya kweli.

Wengi huiona sehemu hii kama hila ya waandishi ya kuongeza msukosuko mwishoni. Mimi naiona kuwa ndiyo sehemu ya kweli kuliko zote, kwa sababu ya jambo lililotokea Italia Septemba 1943. Miezi michache kabla, idara ya London iliyoshughulikia mateka ilikuwa imetuma amri ya siri kwa kambi zote: Italia ikisalimu amri, msitoke, kaeni palepale, mtafikiwa. Amri hiyo ilitolewa kwa kudhani majeshi ya washirika yangepanda bara haraka. Hayakupanda haraka. Italia ilipotangaza kuacha vita tarehe 8 Septemba, Wajerumani ndio waliofika kwanza. Katika kambi ya Chieti walinzi wa Kiitaliano waliondoka, na mkubwa wa mateka akawazuia watu wake wasitoke, akiishika amri kama ilivyoandikwa. Wajerumani waliwakuta wanasubiri. Nchi nzima, makumi ya maelfu walipakiwa kwenye mabehewa na kupelekwa Ujerumani, wengi wao baada ya malango kuwa wazi kwa saa au hata siku kadhaa.

Kambi ya Fontanellato, karibu na Parma, ilikuwa na mkuu wa namna nyingine. Kanali Eugenio Vicedomini alikubaliana na mkubwa wa mateka, akaufungua uzio, na watu wapatao 600 wakatoka kwa mpangilio na kutawanyika mashambani. Wajerumani walimkamata, wakampeleka kwenye kambi zao, na mateso aliyoyapata huko yalimwondoa duniani muda mfupi baada ya vita. Kila nimtazamapo Ferrucci akiingoja nyota yake, namkumbuka Vicedomini. Miongoni mwa waliotoka siku ile alikuwamo kijana Mwingereza mwenye kifundo kilichovunjika, Eric Newby, aliyesaidiwa na kufichwa na watu wa vijijini, akampenda binti mmoja, Wanda, na baada ya vita akarudi kumwoa. Kontesa wa kweli wa Italia ile walikuwa wanawake kama hao, na chakula walichompa mgeni kilikuwa kimepunguzwa kwenye sahani za watoto wao.

Na Carton de Wiart? Agosti 1943 Waitaliano walimtoa kifungoni wakitaka afuatane na jenerali wao hadi Lisbon kwenye mazungumzo ya siri ya kuacha vita. Alihitaji nguo za kiraia. Akakubali kwa sharti kwamba suti ishonwe na fundi anayejua kazi yake, si nguo ya kuokota dukani, na serikali iliyokuwa inaporomoka ikamtafutia fundi wa kumpima mabega. Filamu nzima ya Frigg haina tukio zuri kuliko hilo.

Siwezi kuifunga sura hii bila kupanda Kenya, kwa sababu mwaka ule ule Waitaliano nao walikuwa mateka, na wengi wao walikuwa kwetu. Waliotekwa Ethiopia na Somalia waliletwa kwenye kambi za Waingereza. Kanisa dogo lililoko kando ya barabara ya Mai Mahiu, unaposhuka Bonde la Ufa, ni kazi ya mikono yao ya mwaka 1942. Mkubwa wao, Duke wa Aosta, alifia Nairobi mwaka huo akiwa mateka, na kaburi lake liko Nyeri.

Katika kambi ya Nanyuki alikuwamo Felice Benuzzi, afisa wa serikali ya kikoloni na mpanda milima. Asubuhi moja mawingu yalifunguka, akauona Mlima Kenya kwa mara ya kwanza. Toka siku hiyo hakuwa mtu wa kukaa. Hapakuwa na pa kukimbilia, maana nchi yoyote isiyo ya Waingereza ilikuwa mbali mno kwa miguu, naye hakutaka kukimbia. Alitaka kupanda. Akapata wenzake wawili, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti. Vyuma vya kuvaa miguuni kwenye barafu walivitengeneza kwa mabati ya taka, kamba walizitoa kwenye vitanda, na ramani yao kubwa ilikuwa picha ya mlima iliyochapwa kwenye karatasi ya kopo la nyama. Januari 1943, majenerali wa Vincigliata wakiwa bado wanachimba, watatu hawa waliufungua mlango wa kambi kwa ufunguo wa kughushi wakaenda zao.

Kilele cha Batian kiliwashinda. Cha Lenana walikifikia, Benuzzi na Balletto, wakasimika bendera ya nchi yao huko juu. Barsotti alikuwa mgonjwa, akawasubiri chini. Chakula kiliwaishia, wakashuka kwa njaa kupitia msitu wa vifaru na tembo. Siku 18 baada ya kutoka walijipenyeza tena ndani ya uzio wa Nanyuki na kujitokeza kwa wakuu. Walihukumiwa siku 28 za kufungwa peke yao. Mkuu wa kambi, Mwingereza, alivutiwa na walichokifanya, akawatoa baada ya siku saba.